Safu Mbili: Habari za Dansi ya Waskoti Katika Uwanda wa Eldoret

Mtu afikaye Eldoret kwa mara ya kwanza wakati wa jioni hulakiwa na baridi kabla hajalakiwa na mwenyeji. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua, upepo utokao katika mashamba ya ngano huingia hata ndani ya mikono ya koti. Mimi ni karani wa serikali niliyehamishiwa hapa miaka michache iliyopita, nami nimejifunza kwamba dawa ya baridi hiyo ni mbili tu: chai ya maziwa, na kazi ya miguu.

Kazi ya miguu ndiyo niliyokusudia kuwaeleza leo. Sisemi mbio, ingawa uwanda huu umejulikana dunia nzima kwa wanariadha wake. Nasema dansi ya vijijini ya Kiskoti, ambayo masetla waliileta huku pamoja na majembe yao na kondoo wao, wakaicheza usiku wa Jumamosi, kisha wakaondoka nayo. Pengine mtauliza, ngoma ya Waskoti yatuhusu nini sisi? Hata mimi nilijiuliza hivyo zamani. Lakini nikisha kuwasimulia mambo yaliyompata babu yangu, na yale niliyoyaona mwenyewe Nairobi na hapa Eldoret, natumaini mtaona kwamba latuhusu.

MJI WA SISIBO

Yafaa kwanza tuujue mji wenyewe. Jina Eldoret latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, likatiwa mwisho wa Kikalenjin. Mto huo ni Sosiani, upitao katikati ya mji. Lakini wazee wengi bado huuita mji Sisibo, kwa sababu ulianza katika shamba lililopimwa na kupewa namba 64, na masikio ya wenyeji yaliyapokea maneno ya Kiingereza ya namba hiyo kwa namna yao.

Kabla ya kupimwa, nchi hii haikuwa tupu. Wamaasai wa Uasin Gishu walilisha ng'ombe hapa, na baada yao Wanandi. Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka mingi, hata kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano alioitwa kwa jina la amani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, wakafika Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, waliopanda reli hadi Nakuru na kisha kukokota magari ya ng'ombe matopeni mpaka huku. Nyuma yao wakaja Waingereza na Waskoti. Reli yenyewe ilifika Eldoret mwaka 1924, na ngano na mahindi yakapata njia ya kwenda pwani.

Katika nchi hiyo iliyoitwa ya Wazungu, Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba. Alikaa kama skwota, akilima kijisehemu alichopewa na kumfanyia kazi mwenye shamba. Ndivyo alivyofika babu yangu mzaa baba, akitokea upande wa Kakamega, akiwa kijana asiyezidi miaka ishirini.

TAA YA KARABAI

Babu alipata kazi ya nyumbani kwa setla mmoja Mskoti, mbali kidogo na mji. Jina la bwana huyo nitaliacha, maana amekwisha kufa na hawezi kujitetea. Kila baada ya mavuno, ghala la ngano lilifagiwa likawa safi kama sahani, sakafu ya mbao ikapakwa nta ili miguu iteleze vizuri, na majirani wakaja kwa magari yao kucheza. Wanaume wengine walivaa rinda la mistari la kwao. Mzee mmoja alipiga fidla, yaani zeze la Kizungu, na mwingine kodiani.

Kazi ya babu usiku huo ilikuwa moja: kuzitunza taa za karabai nne zilizotundikwa ghalani. Taa ikianza kufifia, alipaswa kuingia kimya, kuiteremsha, kuitia pumzi kwa pampu yake, na kutoka. Baina ya taa na taa alisimama nje, penye dirisha, katika baridi niliyoitaja.

Hapo dirishani ndipo alipojifunza. Aliona wanaume wamejipanga safu moja, na wanawake safu ya pili, wakitazamana. Aliona jozi ya kwanza ikishikana mikono na kwenda kati ya safu zile mbili mpaka chini, kisha kurudi. Aliona watu watatu wakipishana kama vile mtu anayeandika namba nane kwa miguu. Alistaajabu zaidi ya yote kwamba watu wanane walikuwa wakienda huku na huku kwa kasi, wala hapana aliyemgonga mwenzake.

Usiku mmoja alistaajabu kupita kiasi. Akasahau taa. Karabai moja ikafifia, ya pili ikafuata, na dansi ikasimama gizani. Bwana akatoka nje, akamkuta babu uso wake umegandamana na kioo. Babu hakupigwa, lakini alikatwa ujira wa siku kumi. Kwa mtu aliyekuwa akikusanya fedha za kodi na za mahari, siku kumi si jambo dogo. Aliniambia kwamba fedha zile hazikumuuma sana kama maneno aliyoambiwa, kuwa jambo lile si la kutazamwa na mtu kama yeye.

Babu aliacha kazi ile akarudi kwetu. Lakini dansi hakuiacha. Tulipokuwa watoto, baada ya kupukusa mahindi, aliokota magunzi manane akayasimamisha uani safu mbili, manne kwa manne. Kisha akawa anayasogeza kwa fimbo yake: hili liende kati, hili lizunguke, haya yapishane. Sisi wajukuu tulicheka. Katika shule ya misheni niliyosoma baadaye, dansi ya namna yoyote haikupendwa, kwa hiyo magunzi ya babu niliyaona kama mchezo wa mzee aliyechoka. Alifariki mwaka 2011, nami sikuwa nimemwuliza hata nusu ya niliyopaswa kumwuliza.

ASILI YA DANSI HII

Nilipokuwa mtu mzima nilitafuta habari, nikapata mengi ambayo babu hakuyaona kutoka dirishani.

Dansi hii ni ya kale, na katika karne ya 18 ilichezwa Scotland na wakuu na watu wa chini pia. Muziki wake ni wa namna tatu kubwa. Upo ule wa mwendo wa haraka uitwao rili, upo wa kurukaruka uitwao jigi, na upo wa taratibu na madaha uitwao strathspey, jina lililotokana na bonde la mto Spey. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu waliogopa kwamba dansi hizi zitasahauliwa. Basi mwaka 1923 wanawake wawili, Jean Milligan na Ysobel Stewart, wakaanzisha chama mjini Glasgow cha kuzikusanya, kuziandika vitabuni na kuzifundisha. Mwaka 1951 chama hicho kikapewa heshima ya kuitwa cha kifalme, na matawi yake yameenea katika nchi nyingi za dunia.

Sheria ya dansi yenyewe ni nyepesi kueleza, ila ni ngumu kutenda. Kwa kawaida jozi nne hujipanga, na kila zamu huwa na vipimo 32 vya muziki. Jozi iliyo juu, karibu na wapigaji, ndiyo yenye kazi kubwa. Hucheza zamu ya kwanza na kushuka nafasi moja, ikacheza ya pili, kisha ikaenda mpaka chini kabisa, na waliokuwa nyuma yake wakapanda. Zamu nane zikiisha, kila jozi imekwisha kuwa juu, na kila jozi imekwisha kuwa chini. Wazee wetu walisema, aliye juu mngoje chini. Katika dansi hii hungoji kwa kinyongo, maana unajua kwamba anashuka kwa ajili ya kukupisha, na kwamba nawe utashuka kwa ajili ya mwingine.

Jambo la pili ni kwamba hakuna anayekaa bure. Jozi ambayo si zamu yake husimama tayari kutoa mkono, maana mchezaji ajapo mbio na kukosa mkono wa kuushika, dansi nzima huharibika.

Nitaje na habari moja ya vita. Mwezi wa Juni 1940 askari wengi wa Divisheni ya 51 ya Waskoti walitekwa na Wajerumani huko St Valéry-en-Caux, katika pwani ya Ufaransa. Baadhi ya maafisa wao walifungwa katika ngome ya Laufen. Humo kifungoni, bila wanawake, bila ukumbi wa maana, wakatunga dansi mpya, na wanaume wakashika nafasi za wanawake. Katika dansi hiyo wachezaji hunyosha mikono na kuunda alama ya msalaba wa Mtakatifu Andrea, ambayo ni bendera ya nchi yao. Dansi hiyo huchezwa mpaka leo kwa jina la divisheni yao. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka babu na magunzi yake manane. Mtu aliyezuiliwa ukumbi hucheza kwa alicho nacho.

JIONI MOJA NAIROBI

Siku moja nilitumwa Nairobi kwa mafunzo ya kazi ya majuma mawili. Mji ule una historia yake ya Waskoti. Misheni ya Kanisa la Scotland ilihamia Kikuyu mwaka 1898, na mahali pale pakaitwa Thogoto, ambalo ni jina la Scotland katika ulimi wa Wagikuyu. Kiko pia Chama cha Wakaledonia cha Kenya, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiandaa dansi kubwa ya sikukuu ya Mtakatifu Andrea, iangukayo tarehe 30 Novemba.

Rafiki yangu mmoja, mwuguzi, aliniambia kwamba yeye na wenzake hukutana jioni moja kila juma kufanya mazoezi ya dansi hizo. Akanialika. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda, nikisema moyoni kwamba nitatazama tu.

Wasomaji, sikupewa nafasi ya kutazama. Ukumbi ulikuwa wa kawaida, wenye viti vilivyosukumwa ukutani. Walikuwapo watu kama ishirini: Waskoti wachache wenye mvi, mwalimu mmoja kijana kutoka Edinburgh, mhasibu wa Kihindi na mkewe, wauguzi watatu, na mzee mmoja wa Kimeru aliyestaafu kazi ya ualimu. Wengi walivaa viatu vyepesi vya ngozi laini, vya kufungwa kwa kamba, kwa maana kiatu kizito humnyima mtu kuruka. Mimi nilikuwa na viatu vya ofisini. Mama mmoja mzee wa Kiskoti, ambaye ndiye aliyefundisha, alinitazama kwenye mlango, akanitazama miguuni, akasema, "Safu ile imepungukiwa na mtu mmoja." Basi, nikaingia.

Dakika tano za kwanza zilikuwa za aibu tupu. Nilikwenda kushoto watu walipokwenda kulia. Nilitoa mkono wa kulia palipotakiwa wa kushoto. Nilimkanyaga mke wa mhasibu, naye akanisamehe kabla sijaomba radhi. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, kama karani ahesabuye stempu. Yule mama akasimamisha muziki, akanijia, akasema kwa Kiswahili cha zamani, "Bwana, usihesabu. Mtazame mtu anayekuja mbele yako. Yeye atakuambia uende wapi."

Muziki ukaanza tena. Nikaacha kuhesabu, nikawa namtazama kila ajaye. Ndipo lilipotukia jambo ambalo sikulitazamia. Jozi ya kwanza ilishikana mikono ikaenda kati mpaka chini, ikarudi. Watatu wakapishana kwa umbo la namba nane. Nikajua la kufuata kabla sijaambiwa! Ilikuwa ni gunzi lile la pili kutoka juu, upande wa kulia, lizungukalo lenzake kisha kurudi mahali pake. Mimi ndimi niliyekuwa gunzi hilo. Babu alikuwa amelikumbuka kwa usahihi miaka yote ile, kwa kutazama dirishani tu.

Wakati wa chai niliwasimulia habari za karabai. Wote walinyamaza. Mzee mmoja wa Kiskoti, aliyezaliwa humu Kenya, akaweka kikombe chake chini, akasema kwamba baba yake naye alikuwa na ghala la namna hiyo, na kwamba yeye alikuwa mtoto akicheza ndani, wala hakupata kufikiri ni nani aliyezitia taa pumzi. Akanyosha mkono, nikaupokea. Hakusema zaidi, nami sikutaka aseme zaidi. Kisha tukarudi safuni, maana muda ulikuwa unakwisha na strathspey ya mwisho ilikuwa haijachezwa.

NGOMA HAINA MPAKA

Ni kweli kwamba wengi waliotazama dirishani katika nchi hii hawakuishia kutazama. Huko Mombasa, tangu mwisho wa karne ya 19, vijana walianzisha beni, jina lililotokana na bendi za Kizungu. Walikuwa na ngoma na tarumbeta, vyeo na sare, nao walishindana mitaa kwa mitaa. Katika beni za Mombasa palikuwa na kundi lililojiita Kingi, na jingine lililojiita Skochi, ambalo watu wake walijipamba kama askari wa Kiskoti, rinda na yote. Profesa Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Wengine waliwacheka watu wale kwamba wanaiga. Lakini tarumbeta na sare zilikuwa za kigeni, na mashindano, majivuno na tungo zilikuwa za Waswahili wenyewe.

Kwa upande wa bara ilitokea mwomboko, dansi ya Wagikuyu iliyovuma katika miaka ya 1940. Huchezwa jozi kwa jozi, mwanamume na mwanamke, kwa mlio wa kodiani na wa pete ya chuma iitwayo karing'aring'a, ambayo hugongwa kwa kijiti cha chuma. Mwendo wake ni hatua mbili na kuinama, kisha hatua mbili na kuinama tena. Wazee husema asili yake ni mchanganyiko: ngoma za Wagikuyu wenyewe, pamoja na dansi za Kizungu, za Waskoti zikiwamo, ambazo watu waliziona mashambani, misheni na katika vita.

Hapa lipo jambo la kufikiriwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku ngoma ya Wagikuyu iitwayo muthirigu, ambayo nyimbo zake ziliwakejeli wamisionari na machifu katika ule ugomvi wa tohara ya wasichana. Waskoti wa misheni walikuwa katikati ya ugomvi huo. Lakini Waskoti nao walikuwa na kumbukumbu ya marufuku. Baada ya kushindwa vitani, sheria ya mwaka 1746 iliwakataza wanaume wao kuvaa rinda la kwao, isipokuwa kwa askari wa mfalme, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1782. Rinda halikufa kwa sheria ile, wala kucheza hakukuisha Ugikuyu kwa sheria ya 1930. Aliyewahi kunyimwa chake angepaswa kuwa mwepesi wa kumhurumia anyimwaye, lakini binadamu husahau upesi akishapanda juu ya safu.

SAFU MBILI ZA ELDORET

Nirudi sasa Eldoret, maana ndiko lilikonifikia neno lenyewe.

Masetla wengi waliuza mashamba yao miaka ya kukaribia Uhuru na baada yake. Waskoti wakaondoka, na dansi ikaondoka nao. Kwa nini haikubaki, ilhali mpira, kanisa na chai vilibaki? Mimi naona sababu ni kwamba ilichezwa ndani ya mlango uliofungwa. Aliyeweza kuirithi alikuwa nje, akitunza taa, na siku aliyoipenda mno alikatwa ujira.

Lakini nisiseme kosa hilo ni la Wazungu peke yao. Sisi tuliobaki tulijipanga safu mbili pia, tukitazamana, wala si kwa kucheza. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, jirani alimgeukia jirani katika mji huu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji, lilichomwa moto, na waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, wakaungua. Maelfu ya watu walikaa katika hema penye uwanja wa maonyesho. Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na nilichokiona barabarani nilipokuwa nikirudi shuleni sitakiandika hapa. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Mapatano ya majirani hayana tarehe. Hufanywa polepole, na mengine bado.

Mwaka juzi nilialikwa arusi katika mtaa wa Langas. Bwana arusi alikuwa Mnandi, bibi arusi Mgikuyu. Baada ya chakula, jamaa za mume waliketi upande mmoja wa hema, na jamaa za mke upande wa pili. Walikuwa na adabu zote, lakini baina yao palikuwa na uwanja mtupu wa hatua kama kumi, na kila mtu aliuona. Mursik ilipita upande huu, chai upande ule.

Ndipo mzee mmoja wa upande wa bibi arusi alipofungua kodiani yake, na kijana akagonga karing'aring'a. Jozi tatu za wazee zikaingia kati: wanaume kwa makoti na kofia, wanawake kwa vitambaa vya kichwa. Hatua mbili, wakainama. Hatua mbili, wakainama. Walipomaliza duara moja, wale wanawake watatu wakawaacha waume zao, wakavuka uwanja ule mtupu, wakasimama mbele ya wazee wa Kinandi, wakanyosha mikono.

Kwa muda kidogo hakuna aliyesogea. Naamini wengi pale walikuwa wanahesabu, nami nilikuwa nawahesabu pamoja nao: huyu alimpoteza nani, yule alichomewa nini. Kisha mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo, akainuka. Akamkabidhi mjukuu wake fimbo, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mama, mimi dansi hii siijui." Yule mama akamjibu, "Mzee, hata mimi nilikuwa siijui. Nifuate tu."

Wakaenda. Mzee alikosea kama nilivyokosea mimi Nairobi, akainama palipotakiwa hatua, akapiga hatua palipotakiwa kuinama. Watu wakacheka, naye akacheka. Wa pili akainuka, na wa tatu. Baada ya nusu saa haikuwezekana kusema ni upande upi wa hema ulikuwa wa nani. Mimi mwenyewe nilishikwa mkono na bibi mmoja aliyenizidi miaka arobaini na pumzi pia.

Sisemi kwamba arusi moja imeponya mji. Ningekuwa mwongo. Yapo mashamba ambayo shauri lake halijaisha, na wapo watu ambao hawakuvuka uwanja ule siku hiyo, wala siwalaumu. Lakini niliona kwamba uwanja waweza kuvukwa, na kwamba mvukaji hakuwa kiongozi wala mwenye cheo. Alikuwa mama mzee aliyejua hatua mbili na kuinama.

NENO LA MWISHO

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Tuna haki ya kujivunia jambo hilo. Tuna majengo marefu, chuo kikuu, hospitali kubwa, na wanariadha ambao dunia huwashangilia. Lakini jiji si majengo tu. Jiji ni mahali ambapo mtu hukutana na asiyemjua, naye hujua namna ya kumpa mkono bila kumgonga.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu, hasa vijana wa Eldoret, mambo mawili. Kwanza, waulizeni wazee wenu ngoma walizocheza, na hata zile walizozitazama dirishani, kabla hawajaondoka nazo. Mimi nilichelewa. Pili, ngoma yoyote mtakayoianzisha, iwe ya kwenu au ya kuazima, msiifungie mlango. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli, lakini anayetuzwa na watu wa kwao peke yao hatajua kama ngoma yake ni nzuri au ni ya nyumbani tu.

Magunzi manane ya babu hayapo tena. Yalikwisha kuwashwa jikoni zamani. Lakini mwanangu ana miaka sita, na msimu wa mavuno umefika. Juma lililopita, baada ya kupukusa, niliokota manane, nikayasimamisha uani. Mtoto wa jirani yetu, Mkalenjin, akaja kutazama akisimama penye ua. Nikamwambia apite ndani, maana mwanangu peke yake hawezi kuyasogeza yote.